Siku ya Tano na Siku ya Kumi na Nne

Wiki ya kwanza ya kustaafu niliamka kila asubuhi nikiwa na hesabu kichwani: leo ni siku ya ngapi, na ya sahani gani ya maabara? Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikihesabu kwa vidole, kisha nikakumbuka kwamba sina sahani yoyote mahali popote. Nilimwambia mume wangu, "Leo sina kitu kinachoota." Akajibu kwamba kuna mkate wa juzi jikoni, niende nikauangalie.

Naandika haya kwa sababu Kioko, aliyebaki kwenye meza yangu, ameniomba mara tatu niwaandikie vijana wa maabara. Vyeo sitaviandika. Vilichelewa kuja, na vilipofika havikubadilisha lolote katika yale niliyokuwa nikiyaona chini ya hadubini. Nitaandika kuhusu sahani mbili, na watu wawili waliokuwa wakizisubiri.

Nilizaliwa Shauri Moyo, katika nyumba za kanzu na mabuibui ambazo majirani zake walikuwa watu wa reli kutoka magharibi. Kutoka kwetu hadi maabara ilikuwa mwendo wa miguu, ukipita kando ya Gikomba kabla wachuuzi hawajamwaga marobota yao njiani. Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyo wazi mbele. Mkuu wa chumba cha kifua kikuu, Mzee Opiyo, aliniangalia miguu kabla ya uso.

"Vidole vyako vimeajiriwa pia?" akauliza.

Nikarudi nyumbani kubadilisha viatu. Niliporudi alikuwa ameweka kioo cha makohozi chini ya hadubini. Aliniambia nitazame. Niliona vijiti vyembamba vyekundu juu ya rangi ya buluu, kama nyuzi zilizokatwakatwa.

"Ni nini hivyo?"

"TB, mzee."

"Nani amekwambia?"

"Ni vyekundu."

"Basi andika kwamba ni vyekundu," akasema. "Andika ulichoona. Unachodhani kibaki kwako."

Nilidhani ananionea. Baada ya miezi kadhaa ndipo alinionyesha chupa ya mgonjwa mwingine iliyoota madoa ndani ya siku nne. Bakteria wa TB ni mvivu, humlazimu mtu kusubiri wiki nyingi. Huyu wa siku nne alikuwa wa ukoo huohuo, anashika rangi nyekundu vilevile, lakini si TB. Ukoo huo ni mkubwa. Wengi wao wanakaa kwenye udongo, kwenye mabomba, kwenye tangi la maji juu ya paa, nao hawamsumbui mtu. Taabu huanza wanapopata njia ya kuingia mwilini, kwa mfano kwa sindano iliyosafishwa vibaya au kidonda cha upasuaji. Hapo mgonjwa anapimwa, vijiti vyekundu vinaonekana, anapewa dawa za TB, na dawa hizo hazimfanyi mdudu huyu chochote. Mgonjwa anameza miezi sita, mdudu anaendelea na maisha yake.

Kwa hiyo ukishajua kwamba si TB, kazi ndiyo imeanza. Lazima upime ni dawa gani inayomuua. Tulikuwa na sahani za plastiki zenye visima vidogo tisini na sita, kila kimoja kikitosha tone. Safu hii ni dawa fulani, kutoka kidogo hadi nyingi. Safu inayofuata ni nyingine. Unatengeneza maji ya bakteria, yasiwe mazito wala mepesi, unagawa tone kwa tone, unafunika kwa karatasi ya gundi, unaweka kwenye kabati la joto la nyuzi thelathini. Kisha unasubiri. Kusoma, unaiweka sahani juu ya kioo na kutazama tumbo lake kutoka chini. Kisima kilichoota kina kitone cheupe kama punje ya unga. Kisima ambacho dawa imeshinda ni kiangavu. Sisi husema mdudu huyo anasikia dawa. Akiota juu ya dawa, ni sugu.

Mzee Opiyo alinifundisha kushika bomba la kudondoshea kwa kiganja kilichotulia juu ya meza, na kuandika kwa penseli kwenye vioo kwa sababu spiriti inafuta wino. Hakuwa mtu wa kusifu. Nikifanya vizuri alikuwa akiniachia kazi na kwenda kunywa chai.

Mwaka mmoja alirudi kutoka mafunzo na karatasi moja, akaibandika kwenye mlango wa kabati la joto. Ilihusu mdudu mmoja katika ukoo huo, anayeitwa abscessus, na dawa moja, klarithromaisini. Dawa hiyo ni ya vidonge, na kwa mgonjwa mwenye mdudu huyu vidonge vinavyofanya kazi ni bahati, kwa kuwa dawa nyingine nyingi ni za sindano. Karatasi ilisema: soma siku ya tano, lakini usitupe; soma tena mpaka siku ya kumi na nne. Sababu yake ni kwamba mdudu huyu ana kinga iliyolala. Siku ya tano anaonekana amekufa kabisa. Ukimwacha na dawa, kinga inaamka, naye anaota.

Niliisoma karatasi hiyo. Sitasema sikuisoma. Nilifikiri ni moja ya tabia za Mzee Opiyo za kupita kiasi, kama ile ya viatu.

Mwezi huo akaenda likizo kwao Bondo, akaniachia chumba. Ikaja sampuli ya Mwalimu Esther. Alikuwa akifundisha darasa la tatu huko Kariobangi, amefanyiwa upasuaji wa tumbo, na kidonda kilikuwa kimekataa kufunga. Sampuli ikaota abscessus. Nikapanga sahani. Siku ya tano nikaiweka juu ya kioo, safu nzima ya klarithromaisini ilikuwa angavu. Daktari wake alikuwa akipiga simu kila asubuhi, na mimi nilifurahi kuwa mtu mwenye habari njema. Nikamwambia anasikia dawa. Nikaandika ripoti, nikatia sahihi.

Kabati lilikuwa limejaa, na kulikuwa na sampuli zinazosubiri nafasi. Sahani ya Mwalimu Esther niliiweka kwenye mfuko wa kuchemshwa na kutupwa.

Mzee Opiyo aliporudi alipitia daftari kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Akasimama.

"Sahani ya huyu mwalimu iko wapi?"

"Nilishaisoma, mzee. Anasikia dawa."

"Sikukuuliza inasemaje. Nimekuuliza iko wapi."

Alinitazama, akaenda kwenye friza tunamohifadhi wadudu wa zamani, akatoa kichupa cha Mwalimu Esther, akakiweka mbele yangu.

"Panga upya," akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nilipanga upya. Siku ya tano ilikuwa angavu kama mara ya kwanza, na nikaanza kupata matumaini ambayo sikustahili. Siku ya tisa niliona ukungu kwenye visima viwili. Nilifuta kioo kwa pamba nikidhani ni kioo. Siku ya kumi na nne safu nzima ilikuwa na punje nyeupe, mpaka kisima cha mwisho chenye dawa nyingi kuliko vyote.

Mzee Opiyo aliniambia nichapishe ripoti mpya, nichukue na nakala ya ile ya kwanza, nizipeleke zote mbili kwa daktari kwa mkono. Alinisindikiza hadi mlango wa wadi, akabaki nje. Daktari alisoma, akaziweka moja juu ya nyingine, akasema kidonda kilikuwa kimefungua mdomo wa pili tangu wiki iliyopita na alikuwa ameanza kujiuliza. Alikuwa amemtegemeza mgonjwa juu ya vidonge vile.

Mwalimu Esther alipasuliwa tena. Alipigwa sindano za amikasini kwa miezi. Ni dawa nzuri kwa mdudu huyu, lakini kwa baadhi ya watu inakula masikio, na kinacholiwa hakirudi. Kidonda chake kilipona. Alipokuja maabara na sampuli ya mwisho ya kuthibitisha, nilikuwa dirishani. Nilikuwa nimejiambia kwa wiki nyingi kwamba siku akija nitasema.

"Mwalimu," nikasema, "ripoti yako ya kwanza niliisoma mimi. Niliitoa mapema. Ilikuwa na makosa."

Aligeuza kichwa, akaleta sikio la kulia karibu na tundu la dirisha.

"Sema upande huu," akasema. "Huo mwingine umekufa."

Nikalazimika kusema tena, kwa sauti ya juu, watu waliokuwa kwenye benchi wakisikia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ningengoja, sindano zingehitajika au la. Nikamwambia sijui. Daktari alikuwa ameniambia pengine zingehitajika hata hivyo, lakini chache. Sikujua kama alikuwa anasema kweli au ananituliza.

"Watoto wa nyuma sasa wananidanganya," akasema Mwalimu Esther. "Wanajua siwasikii." Akafunga mkoba wake. "Umefanya vizuri kuniambia. Sitasema si kitu, kwa sababu ni kitu."

Akaenda zake. Sikumwona tena. Nimeyabeba maneno hayo miaka yote, na naona alinipa haki yangu kamili, bila kuzidisha wala kupunguza.

Tangu siku hiyo hakuna sahani iliyotoka chumbani mwetu bila sahihi mbili, ya aliyesoma na ya anayekubali itupwe. Wapya walilalamika kwamba ni urasimu. Niliwaacha walalamike. Kile kichupa cha Mwalimu Esther tulikitunza kwenye friza, na kila tulipopima abscessus wa mtu mwingine, tulipanga na yule wake kando kama shahidi. Akiota siku ya kumi na nne, tunajua kipimo kinafanya kazi. Asipoota, kipimo kimekufa na hatuna haki ya kusema lolote juu ya mgonjwa.

Mzee Opiyo alistaafu, akarudi Bondo kufuga kuku. Zilikuja mashine za kusoma jeni na karatasi zake za kipimo, ambazo zinaweza kukueleza kwa siku moja kama kinga ya mdudu ni nzima au imevunjika. Ni vitu vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba huisha, na zikiisha husemwa ziko bandarini.

Zilikuwa bandarini mwaka alipokuja Fundi Shikuku.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mtengenezaji wa cherehani kule Kariobangi, mwenye mafuta ya mashine kwenye mistari ya viganja. Alileta chupa yake ya usaha mwenyewe, ndani ya bahasha ya kaki. Nikamwonyesha benchi asubiri.

"Nitasimama tu, mama," akasema. "Kukaa nimesahau."

Mgongo ulikuwa umemuuma, akaenda mahali akachomwa sindano ya maumivu kwenye kalio. Mahali penyewe hakupataja na mimi sikumuuliza. Baada ya wiki chache kikatoka kijipu, kikapasuka, kikaja kingine. Mahali pengine walipima, wakaona vijiti vyekundu. Akameza dawa za TB miezi mitano, mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, na vidonda vikaendelea kuongezeka. Hatimaye akafika kwa Daktari Nafula, msichana mwembamba aliyekuwa hana subira na mtu yeyote isipokuwa wagonjwa. Yeye ndiye aliyemtuma kwetu.

Chupa iliota siku ya nne. Haikuwa TB, ilikuwa abscessus. Nikamwambia Kioko apange sahani mbili, ya Fundi Shikuku na ya shahidi. Niliandika tarehe ya kumi na nne juu ya zote mbili kwa maandishi makubwa, nikazitia kwenye mfuko wenye kitambaa kibichi. Wiki mbili ni ndefu kwa tone moja; visima vikikauka, dawa inakolea na majibu yanakuwa uongo.

Siku ya tano safu ya Shikuku ilikuwa angavu. Ya shahidi pia. Daktari Nafula akapiga simu.

"Madam, inasemaje?"

"Siku ya tano anasikia klarithromaisini. Amikasini pia anasikia."

"Kwa hivyo vidonge vitafanya kazi."

"Andika siku ya tano, daktari. Zaidi ya hapo leo sijui."

"Nimemwanzishia zote, pamoja na sindano," akasema. "Nampima masikio kila wiki. Usiniweke sana."

"Sikuweki mimi. Ni mdudu."

Siku ya tisa hakupiga simu, alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni kwa sababu alijua sheria ya viatu.

"Masikio yameanza," akasema. "Jana ameniambia kuna mlio. Kipimo kinaonyesha bado ni kidogo. Kama vidonge ni vya kutegemea, sindano nazikata leo, namsafisha kidonda, tunaendelea na vidonge na dawa nyingine ya kusaidiana navyo. Kama si vya kutegemea, nikizikata nitamwachia mdudu mwili mzima. Nipe kitu, Madam."

Nilitoa sahani zote mbili, nikaziweka juu ya kioo moja baada ya nyingine. Kwa shahidi ukungu ulikuwa umeanza. Kwa Shikuku sikuona kitu. Nikamwita Kioko, naye hakuona kitu. Daktari Nafula alikuwa ananitazama usoni, na mimi nilikuwa na neno moja tamu mdomoni, lilelile nililowahi kulitoa.

"Mpaka sasa ni safi," nikasema. "Nakuomba siku tano."

"Siku tano za masikio yake."

"Najua."

Kisha akasema atampunguzia: sindano siku tatu kwa wiki badala ya kila siku, na atampima masikio kabla ya kila sindano. Aliondoka bila kuaga. Sikumlaumu.

Kesho yake Fundi Shikuku mwenyewe alikuja dirishani. Hakukuwa na sababu ya yeye kuja. Tulisalimiana, akaegemea ukuta upande usio na kidonda.

"Mama, mtu akiniletea cherehani, mimi siifungui," akasema. "Wale vijana wengine wanafungua kwanza, wanamwaga skrubu mezani. Mimi nazungusha gurudumu, nasikiza. Itaniambia kama ni shatoo ya uzi wa chini, kama ni meno yameisha, kama ni mafuta tu. Haya masikio ndio duka yangu. Sasa kuna kitu inalia hii ya kushoto, kama nzi kwa chupa."

"Pole sana, fundi. Lakini majibu ni ya daktari. Mimi siruhusiwi kukupa."

"Siulizi majibu. Nauliza kama bado iko."

"Nini?"

"Hiyo sahani. Daktari amesema kuna sahani inangojewa."

"Iko," nikasema. "Naiangalia kila asubuhi."

Akatikisa kichwa kana kwamba hilo lilitosha, akaondoka akichechemea kuelekea stendi. Nilikaa kwenye kiti nikiwa na hasira na kila mtu, hata na mtu aliyegundua hadubini.

Siku ya kumi na moja stima ikapotea saa tatu asubuhi. Hilo si jambo geni, tuna jenereta. Jenereta ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Mtu wa karakana akaja, akaifungua, akasema inahitaji kifaa ambacho kiko upande wa pili wa mji. Kabati la joto lilikuwa na nyuzi thelathini, kisha ishirini na tisa. Nje kulikuwa na baridi ile ya Julai inayoingia kwenye mifupa. Kumbukeni, baridi ingemchelewesha mdudu. Angeweza kuwa sugu na akaonekana mpole siku ya kumi na nne, kwa sababu tu alilala siku moja.

Kioko alitafuta sanduku la kubebea chanjo, lile la povu zito. Tulichemsha maji kwa gesi ya jikoni kwa wafanyakazi, tukajaza chupa, tukazifunga kwa taulo, tukazipanga kandokando, sahani katikati, na kipimajoto kimepenyezwa kwenye tundu la kifuniko. Tulikaa kando ya sanduku hilo kwa zamu. Joto likipanda hadi thelathini na moja tunafungua kifuniko kidogo. Likishuka hadi ishirini na tisa tunabadilisha chupa. Kila nusu saa tuliandika namba kwenye daftari. Mpishi alikuja kuuliza tunapika nini.

"Ndugu wa TB," Kioko akamjibu, naye akarudi jikoni kwa hatua ndefu na hakutuuliza tena.

Stima ilirudi saa tisa alasiri. Namba zote zilikuwa kati ya ishirini na tisa na thelathini na moja. Sijawahi kuona ukurasa wa daftari mzuri kuliko ule.

Siku ya kumi na nne nilifika mapema. Nilivaa koti, glavu, barakoa. Nilimwambia Kioko asome kwanza, peke yake, aandike kwenye karatasi yake na kuigeuza uso chini. Kisha nikaingia mimi. Nilianza na kisima kisicho na dawa: kimeota, sawa, mdudu ni mzima. Nikachukua sahani ya shahidi, ile ya Mwalimu Esther. Safu nzima ilikuwa na punje nyeupe mpaka mwisho. Sawa, kipimo ni kizima, hata baada ya siku ya sanduku.

Halafu nikaweka ya Fundi Shikuku juu ya kioo.

Niliitazama mara tatu. Nilisogeza taa, nikaigeuza sahani, nikatazama tena. Kilikuwa kimeota kile kisicho na dawa peke yake. Safu yote ya klarithromaisini ilikuwa angavu, kuanzia kisima cha dawa kidogo kabisa. Katika ukoo wa abscessus kuna tawi ambalo kinga yake imevunjika; hata ukimngoja mwezi haitaamka. Huyu alikuwa wa tawi hilo.

Niliandika. Nikageuza karatasi ya Kioko. Alikuwa ameandika vilevile, kisima kwa kisima, na chini yake ameongeza kwa penseli, "Madam, ni kweli?" Nikamwambia afute hilo, tunaandika tulichoona.

Nilivua glavu, nikanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikampigia Daktari Nafula.

"Siku ya kumi na nne," nikasema. "Anasikia klarithromaisini. Hii unaweza kuiandika bila tarehe."

Nilisikia akivuta pumzi. Kisha nikamsikia akimwambia mtu kando yake, "Ile sindano ya leo, rudisha kwenye friji." Akarudi kwenye simu. "Madam, asante. Juzi nilikuchukia kidogo."

"Niliona," nikasema.

Kioko alitia sahihi ya kwanza, mimi nikatia ya pili, sahani zikaenda kuchemshwa. Kisha nilikwenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikakaa kwenye sanduku la makoti machafu, nikalia kwa dakika kama tano hivi. Vijana wengi hamjui hilo. Kioko alijua, alisimama mlangoni akiwaambia watu chumba kinafanyiwa usafi.

Fundi Shikuku alisafishwa vidonda, akameza vidonge vyake kwa miezi. Mlio ulikaa wiki kadhaa, ukapungua, ukabaki wa mara mojamoja, mpaka siku moja akamwambia Daktari Nafula kwamba hakumbuki mara ya mwisho kuusikia. Alikuja na sampuli ya mwisho miezi miwili kabla sijastaafu. Kidonda kilikuwa kovu tu. Chupa yake haikuota chochote, si siku ya nne wala wiki ya sita.

Siku hiyo aliyoileta, alisimama dirishani huku Kioko ndani akizungusha mirija kwenye mashine yetu kubwa ya kuzungushia sampuli, ile inayovuma nyuma ya mlango. Nilikuwa nikijaza fomu. Nilipoinua kichwa nilimwona ameinamisha shingo upande wa kushoto, macho amefumba.

"Mama, hiyo mashine ni ya nani?"

"Ni yetu. Kwani?"

"Beari inaisha. Upande moja."

Kioko alisikia, akasema haiwezekani, mashine ilikaguliwa juzi. Fundi Shikuku akamwambia kwa upole kwamba hajasema haikukaguliwa. Nikamwambia Kioko aizime.

Fundi wa mashine alikuja Alhamisi. Aliifungua, akatoa kibeari cha gololi kilicholika upande mmoja, akakiweka mezani juu ya gazeti. Alisema ingekaa wiki mbili tatu hivi kabla ya kuruka. Akauliza ni nani aliyeisikia.

"Mgonjwa wetu," nikamwambia.